Nyama ya Bata Isihukumiwe kwa Banda Pekee

Watu wengi husadiki kwamba nyama ya bata aliyefugwa huria ni bora daima kuliko ya bata aliyefungiwa bandani. Wengine, hasa wafugao kwa biashara, hushikilia kinyume chake. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaharakisha hukumu, na walimu wa sayansi hawana budi kuwaonyesha wanafunzi wao kosa lilipo.

Tuanze na nyama yenyewe. Kifua cha kuku ni cheupe. Cha bata ni chekundu, kwa sababu nyuzi nyingi za misuli yake hufanya kazi kwa oksijeni, nazo zina mayoglobini, protini nyekundu ihifadhiyo oksijeni hiyo. Bata atembeaye huria aghalabu huwa na mafuta machache tumboni kuliko yule akaaye karibu na chakula kutwa. Lakini mwendo huo huo hula nishati. Bata huyo hukawia kufikia uzito wa kuuzwa, na akichinjwa akiwa mzee nyama yake huwa ngumu, maana kolajeni iliyomo misulini hukaza kadiri umri unavyosonga.

Sasa tuitazame jinsia. Bata wafugwao sana vijijini kwetu, wale wenye nyama nyekundu usoni, asili yao ni Amerika ya kitropiki. Dume wao hufikia kilo 4 hadi 5, ilhali jike hukomea kilo 2 hadi 3. Jike hukomaa mapema na kunenepa mapema. Ndiyo maana nchini Ufaransa, ambako bata hawa hufugwa kwa wingi, jike huchinjwa akiwa na wiki 10 hivi na dume wiki 12 hivi. Basi mtu alinganishaye dume huria wa mwaka mzima na jike wa bandani wa miezi 3 amepima nini: banda, jinsia, au umri?

Isitoshe, saa ya mwisho yaweza kuharibu kazi ya miezi. Bata aliyekimbizwa na kuhangaishwa kabla ya kuchinjwa huimaliza glikojeni ya misuli yake. Baada ya kifo asidi ya laktiki haipatikani ya kutosha, na nyama huwa nyeusi na kuoza upesi. Madhara hayo hayachagui bata wa banda wala wa huria.

Jambo hili si la darasani tu. Mfugaji anayeshauriwa kujenga banda la gharama, au kulibomoa, anaweka fedha yake rehani kwa maneno yasiyopimwa. Shule yenye shamba yaweza kumsaidia. Vifaranga wa mtotoo mmoja wagawanywe makundi 4: majike na madume wa bandani, majike na madume wa uwanja wenye wigo. Walishwe chakula kimoja, wapimwe kila wiki, na wachinjwe kwa utulivu wakiwa na umri mmoja. Kisha mafuta ya tumboni yapimwe, na nyama ipimwe kabla na baada ya kupikwa.

Maranda yakiwa makavu, nafasi ikitosha na hewa ikipita, huenda banda likaonekana halina hatia kubwa. Ila uamuzi huo utolewe na mizani, si na mazoea.