Chakula Kilichopikwa kwa Gesi ya Samadi



Mama mmoja wa hapa Pwani ameniletea swali ambalo, kwa idhini yake, nalijibu mbele ya wasomaji wote. Nyumbani kwao wana ng'ombe watatu wa maziwa wafugwao zizini. Mumewe amejenga mtambo wa bayogesi, na sasa jikoni mwake hamuingii kuni wala makaa. Lakini furaha hiyo imeingia doa: mavyaa yake, anayekaa nao, amekataa kula. Asema hatii kinywani wali ulioivishwa kwa uchafu wa ng'ombe, isije swala yake ikaharibika. Hujipikia kando, kwa kuni, naye ana pumu. Mkazamwana aniuliza: "Sheikh, ni nani kati yetu mwenye haki?"

Kwanza tuufahamu mtambo wenyewe. Samadi huchanganywa na maji, ndoo kwa ndoo, ikamiminwa katika shimo lililojengwa na kuzibwa hewa isipenye. Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huiozesha, na gesi ikapanda juu. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, nayo ndiyo iwakayo. Joto letu la Pwani huisaidia kazi hiyo, na samadi ya ng'ombe wawili au watatu wa zizini yaweza kutosha mapishi ya nyumba moja. Jikoni hufika gesi peke yake kwa bomba. Samadi yenyewe hubaki shimoni, wala haichomwi.

Hapo ndipo penye jawabu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, samadi ni najisi, ingawa Imamu Malik na Imamu Ahmad wameiona choo cha mnyama aliwaye kuwa tohara. Lakini wanazuoni wa Kishafi wenyewe wamepambanua baina ya mambo mawili. Moshi wa najisi iliyochomwa wameuhesabu kuwa najisi, na uchache wake husamehewa. Ama mvuke unaojitokea wenyewe pasi na moto, mfano wa ule utokao shimo la choo, huo ni tohara. Gesi hii ni ya namna ya pili, kwani hutoka kwenye samadi kabla ya kuguswa na moto. Basi sufuria ni safi, chakula ni halali, na swala ya aliyekila haina dosari.

Na tutaajabu nini, hali katika Suratun Nahl, aya ya 66, Mola anatuelekeza tuyazingatie maziwa safi yatokayo baina ya kinyesi na damu? Hata mchicha tunaoula umeoteshwa kwa samadi, nasi twauosha na kuupika bila wasiwasi.

Nawe mkazamwana, lako pia lipo. Najisi haimo katika moto, bali yaweza kuwa mikononi mwako na kwenye pindo la kanga yako. Weka nguo mbali ya kuchanganyia samadi, nawa vyema kabla ya kushika chombo, na usiswali na vazi lililorukiwa. Uji utokao mtamboni ni mbolea nzuri ya shamba, lakini hukumu yake ni ya samadi vilevile. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza jikoni, funga bomba, fungua madirisha, wala usiwashe kibiriti. Na asiingie mtu shimoni, hata likiwa tupu, kwani gesi iliyobaki humo yaweza kumuua.

Lililonitia huzuni zaidi katika swali hili ni yale mafiga ya bibi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Sharia yetu imesimama juu ya kuondoa madhara, na mwenye pumu kuinamia kuni ni madhara ya wazi.

Hata hivyo, msimcheke wala msimshinde kwa hoja. Aliyekataa chakula kwa kuchelea swala yake ameonyesha hishima kwa dini, na hilo si la kudharauliwa. Mwanawe mwenyewe amshike mkono, ampeleke kwenye mtambo, amwonyeshe palipo samadi na inapopita gesi, kisha amsomee haya niliyoyaandika. Moyo wake ukiridhia, alhamdulillahi. Usiporidhia, msimlazimishe: mpikieni kwa mtungi wa gesi ya dukani, sufuria yake mbali. Gharama hiyo ni ndogo kuliko radhi za mzazi. Muradi asirudi kwenye moshi.

Kwa hivyo, mama, katika hukumu haki ni yako. Katika hishima, haki ni yake.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu na meko yetu. Wallahu a'lam.