Boksi la babu lenye valvu: lisichomekwe, lisiuzwe

Kila Desemba, familia zinapopanda mlimani kwa ajili ya Krismasi, nyumba za wazee hufunguliwa, stoo hufagiliwa, na vitu vilivyolala miaka mingi hutoka nje. Mama mmoja wa Uru ameniandikia kuhusu kitu kilichotoka kwenye stoo ya marehemu baba mkwe wake, aliyekuwa fundi wa maabara. Ni boksi la chuma, ndani lina vioo vidogo kama balbu, na mbele lina matundu mawili ya kuchomeka waya, moja limeandikwa A na jingine B.

Mwanawe wa kidato cha tatu ametafuta kwenye simu. Amegundua kwamba ni amplifaya ya tofauti, ya kutumia pamoja na osiloskopu, na kwamba mashine za aina hiyo ziliwahi kupima mapigo ya moyo. Sasa anataka kuliwasha na kumbandika mdogo wake waya kifuani. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye ameshafika na mizani yake. Mama anauliza: auze, au amwachie mtoto?

Mzazi mwenzangu, usiuze. Na lisichomekwe. Kijana yuko sahihi kuhusu boksi ni nini, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu anajua nusu ya habari.

Osiloskopu ni mashine inayochora umeme kama mstari kwenye kioo. Ile ya kawaida hupima sehemu moja kwa kulinganisha na ardhi. Shida huja unapotafuta umeme mdogo sana. Umeme wa moyo ukifika kwenye ngozi ni kama milivolti 1 tu, yaani sehemu moja ya elfu ya volti. Wakati huohuo mwili wako unanasa mvumo wa nyaya za nyumba, zile za volti 230 zinazotetema mara 50 kwa sekunde. Mvumo huo unaufunika moyo kabisa, kama spika za harusi zinavyofunika mnong'ono.

Waliopambana na shida hii mapema ni watu wa baiolojia. Huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1934, Bryan Matthews alieleza amplifaya ya namna hii, na yeye na Edgar Adrian wakathibitisha kwamba mawimbi ya umeme wa ubongo aliyoyatangaza Mjerumani Hans Berger mwaka 1929 yalikuwa ya kweli. Mwaka 1936 mhandisi Alan Blumlein akaomba hataza ya mpangilio ambao mafundi wa Uingereza huuita jozi yenye mkia mrefu.

Wazo lake anaweza kulielewa hata mtoto wa darasa la nne. Chukua watoto wawili wanaokunywa uji kwa mirija, na uji unakuja kwa kasi ileile, hauongezeki. Wote wawili wakivuta kwa nguvu zaidi kwa pamoja, kila mmoja bado anapata nusu yake. Mmoja akimzidi mwenzake, hapo ndipo mgawo unabadilika. Valvu mbili ndani ya boksi hugawana umeme wa njia moja namna hiyo. Mvumo wa nyumba huingia A na B sawasawa, hivyo karibu wote hupotea. Umeme wa moyo huingia kwa tofauti, nao hubaki na kukuzwa.

Ili ifanye kazi, valvu hizo lazima ziwe mapacha. Mara nyingi zimo mbili ndani ya kioo kimoja, kama ile iitwayo ECC83. Hata hivyo mapacha huzeeka tofauti, ndiyo maana mbele utakuta kitufe cha kusawazisha, na fundi alilazimika kusubiri mashine ipate moto kwanza. Kampuni ya Tektronix ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilitengeneza amplifaya za valvu za namna hii kwa ajili ya osiloskopu zake.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kipande kidogo kuliko punje ya mahindi. Mtoto akipimwa moyo KCMC, waya za mikononi na kifuani zinafanya hesabu ileile ya tofauti. Akiambiwa atulie, ujue misuli nayo ina umeme wake unaoharibu mchoro. Lakini mashine ya hospitali imejengwa ili umeme wa ukutani usimfikie mgonjwa. Boksi la babu halina kinga hiyo. Hata yale yaliyotumia betri yalihitaji betri za volti nyingi, na osiloskopu yenyewe bado imechomekwa ukutani. Mdogo mtu asibandikwe waya, hata kwa dakika moja, hata kwa majaribio ya shule.

Hatari nyingine iko hata plagi ikiwa nje. Valvu hutaka volti mia na zaidi, na kapasita za ndani zinaweza kuutunza umeme huo baada ya mashine kuzimwa. Kapasita zilizokauka kwa miongo zinaweza kupasuka zikipewa umeme ghafla. Tena mashine nyingi za Kimarekani zilipangwa kwa volti 117. Ukiichomeka kwenye soketi yetu, itaungua. Na kuna tabia mbaya ya baadhi ya mafundi, kukata waya wa ethi wa osiloskopu ili kupima mahali pasipo na ardhi. Bodi lote la chuma linaweza kuwa na umeme. Amplifaya ya tofauti ndiyo njia ya kupima hapo bila kukata chochote, na kijana akilielewa hilo peke yake, boksi limeshamfaa.

Mpe kazi halali. Aandike namba zote za modeli, atafute mchoro wake, afuate kwa penseli njia ya umeme kutoka A na B. Akitaka kupima, aanze na betri kavu za tochi na mita ya bei nafuu: apime betri mbili, atoe, alinganishe. Halafu ampelekee boksi fundi mzee wa redio anayezijua valvu, au mwalimu wa umeme wa shule ya ufundi, na likifunguliwa awe anatazama.

Mnunuzi wa chakavu atakulipa uzito wa chuma tu. Mwambie aende.

Kisha, mama, chukua mkasi leo uikate plagi, boksi likiwa halijachomekwa. Fundi atafunga nyingine wakati ukifika. Liweke juu ya kabati pakavu kabla hamjashuka mjini.