Mtoto Anayeziba Masikio Hastahiki Bakora

 

Ndugu Waislamu, kabla hatujamnasihi mtu yeyote, yatupasa tukiri kosa letu wenyewe. Alikuwapo madrasani kwetu mtoto wa miaka saba ambaye, kila darasa lilipoanza kusoma kwa pamoja, aliziba masikio na kukimbilia nje. Tulimrudisha kwa bakora. Akakimbia tena, nasi tukazidisha, tukidhani tunailinda heshima ya Qur'ani. Mama yake alipotueleza kwamba nyumbani nako hulia akivishwa kanzu iliyotiwa wanga, na hata kukatwa kucha hakuvumilii, ndipo tulipotambua kuwa tulikuwa tukimpiga mtoto kwa sababu anaumia.

Mbali na hisi tano tulizozizoea, Allah (s.w.) amemjaalia mwanadamu hisi ya mizani ya mwili, ambayo chombo chake kimo ndani ya sikio, na hisi ya misuli na viungo, inayomjulisha mkono wake ulipo hata akifumba macho. Ubongo ndio unaozipanga habari zote hizo. Kwa baadhi ya watoto, hasa wenye usonji, mpangilio huo huwa tofauti: sauti ya kawaida humshtua kama mshindo, na mshono wa nguo humchoma kama mwiba. Mwingine kinyume chake hahisi vya kutosha, akawa anazunguka na kuruka siku nzima. Jambo hili lilielezwa na A. Jean Ayres wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1972, naye alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Hapa Tanzania wataalamu wa fani hiyo husomeshwa KCMC, Moshi.

Mtaalamu huyu hachomi sindano. Humtazama mtoto anavyocheza, anavyokula na anavyovaa, kisha humwelekeza mzazi. Mama yule aliambiwa amwachie mwanawe akande unga wa chapati na kubeba ndoo ndogo ya maji kabla ya kuja chuoni, kwani kazi ya kusukuma, kuvuta na kubeba huwatuliza wengi wao. Amvishe kanzu kuukuu iliyolainika, aondoe lebo ya shingoni. Maji ya udhu yawe vuguvugu. Amshike kwa mkono uliotulia, si kwa kumgusagusa, na amwambie mapema kitakachofuata. Hakuna lililomgharimu. Hatusemi kuwa hii ni dawa ya kila kitu: jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani ilieleza mwaka 2012 kwamba ushahidi wa tiba hii ulikuwa bado mchache, hivyo mzazi na mtaalamu wapime kama mtoto ananufaika.

Wapo wazazi wanaokimbilia kwa mganga, mtoto akafungwa hirizi au akapungwa katikati ya ngoma na mafusho, naye ni yule yule asiyestahimili kelele! Kumsomea mwanao Qur'ani ni jambo jema. Hirizi ni mlango wa shirki, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta matibabu.

Tunajua watakaotujibu kwa Hadithi ya kuamrishwa watoto Sala wakiwa na miaka saba na kupigwa kwa kuiacha wakifika kumi. Hadithi hiyo ni hoja dhidi yao. Mtoto wetu alikuwa wa miaka saba, na hakuwa ameacha Sala. Tena wanavyuoni wa fiqhi wameshurutisha kwamba pigo lisiumize na liwe na faida katika kuadibisha. Ni faida gani ipatikanayo kwa kumpiga anayekimbia maumivu?

Kwa maimamu tunalo ombi moja. Mtume (s.a.w.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto huifupisha Sala kwa kumhurumia mama yake. Basi spika za ndani ya msikiti zipunguzwe sauti, na mzazi aliyekaa karibu na mlango na mtoto wa namna hii asikemewe.

Mtoto yule tulimhamishia karibu na mlango, tukawa tunamsomesha peke yake wenzake wakishaondoka. Sasa amefika Suratul-Fajr. Tukisoma kwa pamoja bado huziba masikio, nasi tunamwacha.