Siri iwe PIN, deni lisiwe siri



Ukisimama Airport hapa Changamwe alfajiri, kabla jua halijatoka, utaona zamu mbili zikipishana. Walinzi, wasafishaji na wabeba mizigo wa usiku wanatoka, wa mchana wanaingia. Mama wa mahamri keshaweka karai jikoni, mbaazi zinachemka. Konda anaita abiria wa Magongo. Wengi wanaosubiri matatu hapo hawana safari ya ndege, lakini ndege zikipungua, wao ndio wa kwanza kujua.

Leo hatutaki kuwaambia muweke akiba. Hilo mmelisikia sana, na mtu ambaye hajui atakula nini jioni hahitaji kuhubiriwa akiba. Leo tunataka kuzungumzia kitu kingine, ambacho sisi tulio kwenye biashara ya pesa za simu tuna sehemu yetu ndani yake. Ni deni linalokaa kwenye simu ya mtu mmoja, na nyumba nzima haijui.

Pesa zinazokuja na msimu

Mtaa kama Airport hauishi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi peke yake. Kuna walioandikwa, ndiyo. Lakini kuna kibarua wa siku, dereva wa teksi anayengoja wageni, kijana wa bodaboda, fundi wa malori, mama anayefua nguo za watu, na yule anayeitwa kiwandani kazi ikiwepo na kurudishwa kazi isipokuwepo. Watalii wakija wengi mwezi wa Disemba, pesa inazunguka. Mvua za masika zikianza, hoteli zinapunguza watu, na mama wa mahamri anapunguza unga anaokanda.

Na tumepigwa mara nyingi. Reli ya SGR ilipoanza mwaka 2017 na makontena kuanza kupelekwa bara kwa treni, wenye malori, mafundi na akina mama wa vibanda vya chakula walilalamika kwamba kazi imepungua. Mwaka 2020 ndiyo ikawa kubwa zaidi. Tarehe 25 Machi ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa. Tarehe 8 Aprili ikaja amri ya kutotoka wala kuingia Mombasa. Ndege za ndani zilirudi tarehe 15 Julai, za nje tarehe 1 Agosti. Kwa anayelipwa kwa siku, hiyo miezi haikuwa miezi. Ilikuwa siku moja moja, kila moja na njaa yake.

Kisha zikaja bei. Mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 9.6 mwezi wa Oktoba 2022. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ukatoka asilimia 8 hadi 16, na kila anayepanda matatu au kununua kitu kilichobebwa na lori aliuhisi.

Tulivyokuwa tukijibana

Watu wa hapa wanajua kuishi kwenye shida, na hawakufundishwa na kampuni. Wananunua kadogo: mafuta ya kupima, unga wa robo, majani ya chai ya kikaratasi. Wana mchezo, ule wa kuchanga kila wiki na kumpa mmoja. Na wana daftari la dukani.

Hebu tulitazame hilo daftari vizuri, maana ndilo linatupa hoja yetu.

Ukimwambia mwenye duka “niandikie, nitalipa Jumamosi,” mambo matatu yanatokea. Kwanza, anakutazama. Anajua unafanya kazi wapi, anajua deni lako la wiki jana, na likizidi atakwambia “mama, malizia kwanza hili.” Pili, deni halikui likilala. Uliandikiwa 300, Jumamosi ni 300, hata kama bei ya pale imezidi kidogo ya supamaketi. Tatu, na hili ndilo kubwa, nyumba nzima inajua. Mtoto aliyetumwa sukari anajua. Baba akipita dukani anaambiwa. Deni la daftari ni la jikoni, kila mmoja ameliona.

Mikopo ya simu ilipokuja mwaka 2012, ilileta nafuu ya kweli. Hakuna kutazamwa, hakuna kubembeleza mtu. Mtoto akiugua saa nane za usiku, duka limefungwa na mchezo uko Jumapili, simu iko. Hatulifanyii mzaha hilo. Kuna watu walifika hospitali kwa sababu ya mkopo wa simu.

Lakini pamoja na aibu, tuliondoa na mashahidi. Deni lilitoka kwenye daftari lililo wazi, likaingia nyuma ya PIN. Na deni likijificha, wahenga washasema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nyumba moja, simu mbili

Tuchukue mfano. Nyumba hii tumeibuni, lakini mnaijua. Ni chumba kimoja cha kupanga, mume, mke na watoto watatu. Mume ni kibarua wa mizigo, analipwa 4,200 kila Jumamosi kwa simu. Mke anauza viazi karai jioni, anabakiwa na kama 2,400 kwa wiki. Jumla yao ni 6,600. Si nyingi, lakini nyumba inasukumwa.

Jumanne mume alipungukiwa na salio wakati wa kulipia unga na tokeni za stima, akatumia ule mkopo wa kukamilisha malipo. Alhamisi tena. Pamoja na ada, kufika Jumamosi anadaiwa 1,150. Hakusema, maana aliona ni kitu kidogo. Mke naye mwezi uliopita alikopa 2,000 kwenye programu moja ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa ada ya shule. Ada ya mkopo ni asilimia 7.5 kwa siku 30, kwa hivyo analipa 2,150, na siku ya kulipa ni Jumamosi hiyo hiyo. Hakusema, hakutaka kumwongezea mzee mawazo.

Jumamosi 4,200 inaingia kwenye simu ya mume. Kabla hajaifungua, 1,150 imekatwa. Mke naye analipa 2,150 kutoka kwenye 2,400 zake. Jumla ni 3,300. Nusu nzima ya wiki imeliwa kabla haijapikwa.

Mwenye nyumba anabisha hodi. Mume anamtazama mke, mke anamtazama mume. Kila mmoja alikuwa akitegemea simu ya mwenzake. Hapo ndipo ugomvi unapoanza, na ukiusikiliza vizuri si ugomvi wa pesa. Ni ugomvi wa “kwa nini hukuniambia?” Kisha usiku, mmoja anakopa mahali pengine alipe kodi, na Jumamosi ijayo inaanza ikiwa imeshauzwa.

Tazama: hakuna mlevi katika nyumba hii, wala mcheza kamari. Kila shilingi ilienda kwa unga, stima na shule. Kosa ni moja tu. Madeni yalikuwa mawili, na kila moja lilidhani liko peke yake.

“Lakini pesa zangu ni zangu”

Tunajua mtakavyotujibu. Tumesikia hata kwa mawakala wetu. Mama mmoja atasema: nikimwonyesha simu yangu, hata ile akiba yangu kidogo ataiomba. Na baba atasema: nikimwonyesha deni, heshima imekwisha.

Kwa mama, tunakubaliana nawe. Akiba yako, zamu yako ya mchezo, biashara yako, hizo unaweza kuziweka kimya. Simu imewapa wanawake wengi mahali pa kuweka pesa pasipo mikono ya watu, na hatutaki kuwanyang'anya. Hatusemi mtu amkabidhi mwenzake simu. Tunasema kitu kidogo zaidi: deni litakalolipwa kwa pesa ya chakula cha nyumba, nyumba ilijue. Na kama mwenzako ni mtu wa kukupiga au kukunyang'anya, usimwambie yeye. Mwambie dada yako, mama yako, au mmoja wa mchezo unayemwamini. Muhimu ni kwamba hesabu iwe na jicho la pili.

Kwa baba, heshima inakwisha siku mwenye nyumba anapofunga mlango kwa kufuli. Kusema mapema kunaipunguza kidogo, kunyamaza kunaimaliza.

Kikao cha Ijumaa usiku

Basi tufanye nini? Sisi tunapendekeza kitu kisichohitaji hata bando. Siku moja kabla ya pesa kuingia, watoto wakishalala, kaeni na karatasi na kalamu.

Kwanza, kila mmoja ataje anachodaiwa. Anadaiwa na nani, ni kiasi gani, siku gani ya kulipa. Dukani, simu, jirani, vyote. Wa kusikiliza asitoe hukumu. Ukimkaripia leo, Ijumaa ijayo atakuficha.

Pili, wekeni alama kwenye madeni yanayojikata yenyewe. Pesa ikiingia kwenye simu, hayo hayakuulizi. Kwa hivyo msihesabu 4,200. Hesabuni itakayobaki baada ya kukatwa. Hiyo ndiyo pesa yenu ya kweli.

Tatu, lipeni kwanza deni linalokua kila siku. La mwenye duka linaweza kungoja, lakini mwendee mwenyewe umwambie lini. Ukikaa kimya na kupita upande wa pili wa barabara, utapoteza daftari, na daftari ni mali.

Nne, msilipe mkopo kwa mkopo. Kama lazima, ombeni kubadilishana zamu kwenye mchezo kabla hamjabonyeza simu. Mwenzako wa mchezo hatozi ada.

Tano, mkikopa kwa simu, someni ada kwa mwaka, si kwa mwezi. Asilimia 7.5 kwa siku 30 inaonekana ndogo. Ukiirudia miezi 12 ni asilimia 90. Linganisheni na Hustler Fund ya serikali iliyoanza tarehe 30 Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Ile nayo mkopo wake wa mtu binafsi unataka kulipwa ndani ya siku 14, kwa hivyo msichukue bila kujua Jumamosi gani italipa.

Sita, jueni haki zenu. Tangu Machi 2022 kampuni zinazokopesha kwa simu zinatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na haziruhusiwi kukutishia wala kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Anayefanya hivyo anavunja sheria, hata kama unadaiwa kweli.

Upande wetu

Hatuwezi kuwafundisha ninyi tukajisahau sisi. Mwaka 2020, kuanzia tarehe 16 Machi, Benki Kuu ilitangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu kuwe bila ada, na ikawa hivyo hadi mwisho wa mwaka ule. Ilionyesha kwamba ada ndogo si ndogo kwa anayetuma kidogo. Ushuru wa serikali kwenye ada hizo ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15 mwaka 2023. Na hapa wengi wanakosea: ushuru huo unakatwa kwenye ada, si kwenye pesa unayotuma. Hata hivyo, ukituma vipande vitano, kwa kawaida unalipa zaidi kuliko ukituma mara moja. Angalia jedwali la ada kabla ya kutuma.

Maoni yetu ni kwamba kampuni za biashara hii, sisi tukiwemo, zinafaa kumwambia mteja deni lake kwa sauti ile ile tunayomwambia anaweza kukopa. Ujumbe wa “umefuzu” unakuja bila kuombwa. Ujumbe wa “wiki hii umelipa ada kiasi hiki” nao uje bila kuombwa. Mwenye duka alikuwa akifanya hivyo kwa kalamu ya wino. Sisi tuna mitambo, tutashindwaje?

Mkiwa bado mnangoja mitambo yetu, karatasi ya Ijumaa inatosha. Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo walivyosema. Lakini hata matanga, mteja wetu, watu huyakalia pamoja. Hakuna anayekaa matanga peke yake chumbani, mlango umefungwa.

PIN yako usimwambie mtu, hata anayejiita mfanyakazi wetu. Deni lako mwambie mtu mmoja, leo.