Skrubu imeganda? Weka koleo chini

Jamani, Desemba nilisimamisha stendi ya kamera kwenye mawimbi ya Diani, nikaifunga mfukoni bila kuisuuza, nikarudi Nairobi. Mwezi mmoja baadaye skrubu mbili za kichwa zilikuwa zimeganda. Nikachukua koleo, ya kwanza ikakatika. Sisi wa programu tuna tabia hiyo: kitu kikikwama, tunabonyeza kitufe kilekile kwa nguvu zaidi.

Tatizo si kutu ya kawaida. Skrubu ya chuma cha pua ndani ya alumini, pakiwa na maji ya chumvi, huwa kama betri ndogo. Alumini ndiyo huliwa, na unga mweupe unaobaki huishika skrubu. Nguvu haziondoi unga huo.

Ya pili nililoweka kwenye maji vuguvugu ya mfereji, nikakausha, nikadondoshea mafuta ya kulegeza skrubu, nikalala. Asubuhi nikaipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, kwani alumini hutanuka kuliko chuma. Nikaikaza kidogo, kisha nikailegeza. Ikatoka!

Kwenye lenzi msithubutu kutia mafuta, hutambaa hadi kwenye vioo. Hiyo mpelekeeni fundi. Na anayewaambia mzike vifaa kwenye mchele, muulizeni chumvi itakwenda wapi.