Pini na Maji ya Zambarau

Katika nchi hii yako maradhi yanayohurumiwa, na yako maradhi yanayochekwa. Mgonjwa wa malaria huletewa uji na jirani. Mgonjwa wa funza huletewa mahubiri. Huambiwa aoge, afagie, avae viatu na aache uvivu, na wasemao hayo huondoka wakijiona wametibu. Nakuandikia wewe, msomaji uliye shuleni, kuyapinga mahubiri hayo pamoja na pini inayofuatana nayo, maana yanawaumiza watoto wa umri wa wadogo zako, na hayana ushahidi wa kuyatetea.

Wako kwanza wanaosema kuwa funza ni laana ya ukoo. Laana hiyo ina tarehe. Funza si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Marekani ya Kusini na visiwa vya Karibi. Mwaka 1872 merikebu iliyoitwa Thomas Mitchell ilitoka Rio de Janeiro ikatia nanga Ambriz, katika pwani ya Angola, ikiwa na mchanga tumboni mwake wa kuipa uzito. Mchanga ule ukamwagwa ufukweni, na funza wakamwagwa pamoja nao. Kutoka hapo walisafiri katika miguu ya wapagazi na askari, msafara baada ya msafara, hata kabla ya mwaka 1900 walikuwa wamekwisha kufika Zanzibar. Basi ni laana gani hii ambayo mababu wa mababu zetu hawakuijua, nayo ikazifuata barabara zile zile za biashara, ikiwapata watu wa kila kabila waliokaa kandokando yake?

Wanaofuata ni watu wa usafi, na hawa ni wagumu zaidi kujibiwa kwa sababu maneno yao yana chembe ya kweli. Tazama jinsi mdudu mwenyewe anavyoishi. Funza jike ni kiroboto, na urefu wake haufiki hata milimita moja. Huingia ngozini kichwa mbele, akabakiza nje ncha yake ya nyuma tu. Kwa tundu hilo dogo huvuta hewa, hutoa uchafu na kutaga mayai. Katika siku 7 hadi 10 tumbo lake hufura hata likawa kama punje ya dengu, nalo hujaa mayai kwa mamia. Mayai huanguka chini, na mabuu hukua katika vumbi la sakafu ya udongo, hasa pale watu walalapo. Baada ya wiki 4 hivi au zaidi mama huyo hufia papo hapo ndani ya ngozi, na maiti yake huacha kidonda.

Waona, basi, shina la jambo liko wapi. Liko sakafuni. Mwanamke anayekaa katika nyumba ya udongo aweza kufagia alfajiri na jioni, na vumbi lisiishe, kwa kuwa sakafu yenyewe ndiyo vumbi. Wachunguzi waliofanya kazi Kilifi na kwingineko wameikuta sakafu ya udongo ikiandamana na funza mara kwa mara. Kumwambia mtu kama huyo awe msafi, hali maji ameyabeba mgongoni kutoka mtoni, ni kumdai saruji kwa jina la tabia njema. Saruji haipatikani kwa kutubu, hununuliwa dukani.

Na viatu je? Huko Madagascar watafiti waliwagawa watu katika makundi matatu: kundi moja lilipewa viatu vya kufunika mguu, la pili lilipaka miguu mafuta ya kufukuzia wadudu, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mafuta ya nazi, na la tatu halikupewa kitu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Waliopaka mafuta walikingika vizuri kuliko waliovaa viatu. Sababu si ngumu kuifikiria: nani alalaye na viatu? Mtoto huvua viatu mlangoni, akaingia miguu mitupu mahali pale pale funza wanapomngojea. Sisemi viatu havina faida. Nasema mtu aliyegawa viatu mbele ya kamera asidhani kazi imekwisha.

Sasa nije kwenye pini. Katika vijiji vingi, mtoto mwenye funza hushikwa na watu wazima wawili, akachokolewa kwa pini, sindano, wembe au mwiba. Pini ile ile hutoka mguu wa huyu ikaingia mguu wa yule. Hayo ndiyo matibabu! Jeraha lililo wazi juu ya vumbi ni mlango wa pepopunda, na damu inayohamishwa na pini yaweza kuhamisha maradhi ya ini na mengine mabaya zaidi. Badala ya pini, au baada yake, huja beseni la maji ya zambarau, yaani maji yaliyotiwa pamanganeti ya potasiamu, na miguu ya watoto huloweshwa humo. Rangi ile hupendeza macho, na picha yake hutoka vizuri. Lakini je, inaua funza?

Swali hilo dogo lilikaa miaka mingi bila kuulizwa kwa utaratibu. Walioliuliza walifanya jambo jepesi ambalo hata wewe ungeweza kulibuni. Hapa Kenya walichukua watoto 47 wa shule, wenye umri wa miaka 5 hadi 12. Mguu mmoja wa kila mtoto ulitibiwa kwa maji ya zambarau, na mguu wa pili kwa dimetikoni, mafuta mepesi ya jamii ya silikoni. Upi utibiwe kwa nini, liliamuliwa kwa bahati nasibu, asiwepo wa kupendelea. Angalia hekima yake: mtoto ni yule yule, nyumba ni ile ile, chakula na maji ni yale yale. Hapakubaki nafasi ya kusingizia uvivu wa mama. Siku ya 7 walihesabu. Katika miguu iliyopakwa dimetikoni, funza 78 katika kila 100 hawakuwa tena na dalili ya uhai. Katika miguu ya maji ya zambarau, 39 tu. Mafuta hayo si sumu. Huziba lile tundu la nyuma, na mdudu hukosa pumzi. Pini haikuhitajiwa.

Najua yuko atakayesema: watoto wetu wamefanywa panya wa majaribio. Neno hilo lina historia ya kweli, na simlaumu mwenye kulisema. Mtafiti asiyeomba ridhaa ya wazazi afukuzwe. Lakini mwenye kusema hivyo na afikiri tena juu ya pini. Pini nayo ni jaribio. Limefanywa katika miguu ya watoto wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 100, bila ridhaa, bila daftari, bila mtu kurudi kuhesabu. Jaribio lililoandikwa laweza kukiri kwamba limeshindwa. Mwaka 2004 watafiti wa Brazil walitangaza kuwa vidonge vya ivamektini, walivyovitumainia, havikuwafaa wagonjwa wa funza kuliko vidonge visivyo na dawa. Waliandika hivyo hivyo, na wengine wakaokolewa na kazi ya bure. Ni lini pini iliwahi kutoa taarifa ya kushindwa kwake?

Jambo moja zaidi linaniudhi. Dimetikoni haikutengenezwa kwa ajili ya mguu wa mtoto wa mkulima. Huko Ulaya huuzwa ili kuua chawa katika vichwa vya watoto wa shule, na huko hakuna mhubiri anayesimamisha watoto hao mbele ya wenzao akiwauliza kwa nini hawaogi. Hata Shirika la Afya Duniani liliyaingiza maradhi ya wadudu wa ngozi katika orodha yake ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017 tu, ingawa waliokuwa wakitembea kwa visigino walikuwa wakionekana na kila apitaye njiani.

Huenda wageni wakaja shuleni kwenu na mabeseni, pini na kamera. Wapokee kwa adabu, wape viti. Kisha simama uwaulize: mwaka jana mlitibu miguu mingapi, kwa dawa gani, na siku ya 7 nani alirudi kuhesabu?