Glavu kumi na mbili za mkono wa kushoto

KIJIWENI na Zuhura Mshamu

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumsalimia binamu yangu anayefundisha sekondari moja pembezoni mwa Dar es Salaam. Katika kunizungusha akanifungulia stoo. Kati ya madawati mabovu na ngoma ya bendi iliyotoboka, palikuwa na boksi la msaada: magongo mawili ya alumini (sisemi ile gongo ya kunywa), mipira, na glavu 12 za besiboli zilizokuwa bado zinanukia ngozi mpya. Mtunza stoo, mzee makini kuliko wahasibu wengi ninaowajua, alikuwa ameandika daftarini kwa wino mwekundu: "Glavu 12, zote za kushoto. Za kulia hazijafika."

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Mzee angejuaje? Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye besiboli mtu huvaa glavu moja tu, kwenye mkono wa kudakia, na ule mwingine hubaki mtupu kwa ajili ya kurushia. Wenye msaada walikuja, wakashusha boksi, wakapiga picha na mkuu wa shule, wakaaga.

Boksi lile hunijia kila ninaposoma jinsi Wamarekani wanavyohangaika kuurudisha mchezo huo kwa watoto wa mitaa ya mijini iliyoachwa nyuma, mitaa ambayo sisi tungeiita uswahilini. Kule kila mtu anajua glavu inavaliwa mkono gani, na bado mchezo umewaponyoka watoto wale.

Ajabu ni kwamba zamani ulichezwa hata na wenye mifuko mitupu. Softiboli, ndugu yake besiboli, ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi wa klabu: vijana walifunga glavu ya ndondi ikawa mpira, na mpini wa fagio ukawa gongo. Mpaka leo Chicago wana softiboli yao ya mpira mkubwa, unaodakwa kwa mikono mitupu. Hauhitaji glavu hata moja. New York watoto walicheza katikati ya barabara kwa mpini wa fagio na mpira wa raba, na mifuniko ya mashimo ya majitaka ikawa vituo vya kukimbilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Willie Mays, nyota wa timu ya Giants, alikuwa akishiriki michezo hiyo na watoto wa mtaani kwake Harlem. Chandimu tupu, isipokuwa aliyeshika fimbo ni Willie Mays.

Sasa mtoto wa miaka 10 anayetaka kuonwa na wasaka vipaji huingia timu za kulipia zinazozunguka majimbo kila wikiendi. Kuna ada, hoteli na mafuta ya gari, kuna mwalimu wa binafsi, na gongo moja la kisasa linaweza kuvuka dola 300. Mama anayefanya kazi mbili atazitoa wapi? Halafu kuna hesabu ya vyuo. Kwa miaka mingi timu ya besiboli ya chuo kikuu cha daraja la juu iliruhusiwa nafasi 11.7 tu za ufadhili wa masomo, zikagawanywa vipande vipande kwa wachezaji zaidi ya 20. Mpira wa kikapu ulikuwa na nafasi 13 kamili. Kijana mrefu wa familia isiyo na kitu hahitaji mshauri amwambie ashike mpira upi.

Matokeo yake yanahesabika. Mwaka 1981 Wamarekani weusi walikuwa karibu asilimia 19 ya wachezaji wa ligi kuu ya besiboli. Miaka ya karibuni wamebaki kama asilimia 6. Fainali ya ligi hiyo, World Series, ya 2022 ilichezwa bila mchezaji mweusi hata mmoja aliyezaliwa Marekani, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1950. Kocha aliyetwaa ubingwa ule, Dusty Baker, ni Mmarekani mweusi.

Wapo walioliona mapema. John Young, msaka vipaji aliyewahi kuichezea Detroit Tigers kwa muda mfupi, aliona majina ya vijana wa kusini mwa Los Angeles yanapungua kwenye orodha za usajili. Mwaka 1989 akaanzisha ligi kwa ajili ya vijana waliofika umri ambao magenge huanza kuwaita. Ligi kuu ikaupokea mpango ule, nao ukaenea miji mingi kwa jina la RBI, kwa maana ya kufufua besiboli katikati ya miji. CC Sabathia na Jimmy Rollins walipita humo. Mwaka 2006 kikafunguliwa chuo cha besiboli cha vijana kule Compton, na kutoka huko Hunter Greene akachaguliwa wa pili nchi nzima katika usajili wa ligi kuu mwaka 2017.

Ninawapongeza, ila kuna kinachoniudhi: kila mdhamini akisimama huyataja majina hayohayo, kana kwamba ligi ya mtaa ni mgodi wa kuchimbia mamilionea. Je, yule aliyecheza miaka minne, akamaliza shule, akawa fundi umeme? Huyo hapigwi picha, wakati ligi ile ilianzishwa kwa ajili yake hasa.

Mfano ninaoupenda mimi unatoka Philadelphia. Kusini mwa jiji hilo kuna kituo cha michezo cha umma kinachoitwa Marian Anderson, na humo yupo kocha Steve Bandura, ambaye kwa miongo amefundisha timu ya watoto iitwayo Anderson Monarchs. Siku moja alimwona msichana wa miaka saba akirusha mpira wa miguu wa Kimarekani kwa ustadi. Akamwita mazoezini. Agosti 2014, akiwa na miaka 13, Mo'ne Davis akawa msichana wa kwanza kushinda mechi ya fainali za dunia za Little League, ligi ya watoto, akiwa mrushaji, tena wapinzani hawakupata hata pointi moja. Watu walistaajabia kasi ya mrusho wake. Mimi nilistaajabia kwamba palikuwa na mtu mzima kituoni mchana ule, na kesho yake, na miaka sita iliyofuata.

Tuache kuwatazama Wamarekani tu. Uganda walifuzu fainali hizo mwaka 2011 wakanyimwa viza; mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafika, wakashinda mechi. Hapa kwetu, sekondari ya Azania, Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Na mikono tunayo. Mtoto aliyekua akipopoa maembe hahitaji kufundishwa kulenga. Msichana aliyecheza rede, akarusha, akakwepa, akajaza mchanga kwenye chupa huku anawindwa pande mbili, nusu ya softiboli anayo tayari.

Kwa hiyo mwenye fedha akiniuliza, awe wa Chicago au wa Kariakoo, nitamwambia anunue mipira michache, na magongo yachongwe kwa seremala wa mtaani. Kiasi kinachobaki akiweke kuwa mshahara wa kocha mmoja kwa miaka mitano, si posho ya semina, kisha afanye makubaliano na mwenye kiwanja kwamba hakitageuzwa maegesho ya magari. Najua mshahara haupigiki picha nzuri.

Siku ile kule stoo nilimweleza mzee kwamba glavu ni moja kwa kila mchezaji, na zote 12 zimetimia. Akavaa moja, akafumba na kufumbua vidole, akaitazama kama anayejaribu kiatu. Akachukua kalamu, akafuta maneno mekundu kwa mstari ulionyooka. Kisha akaniuliza, "Haya mwanangu, na mwalimu wao anafika lini?"